Usimwachie Mathe Fundi wa Dishi Peke Yake

Tarehe 22 Agosti 2025. Harambee Stars na Madagascar, robo fainali ya CHAN, Kasarani. Najua mnaikumbuka na najua bado inauma. Moja moja mpaka muda wa ziada ukaisha, tukaenda penalti. Kwetu Kitengela tulikuwa watu tisa sebuleni, wengine kwa sakafu, mum amesimama mlangoni kwa sababu hawezi kutazama penalti akiwa amekaa. Upepo ukavuma kidogo tu, ule wa kawaida wa huku. Picha ikaganda, ikawa vipande vipande, halafu kioo kikawa cheusi na maandishi madogo: hakuna signali.

Tulijuaje tumetolewa? Nyumba ya jirani walikuwa wanapiga kelele, halafu wakanyamaza wote mara moja. Hivyo ndivyo tulivyojua.

Sasa sitaki kuongea kuhusu mechi. Nataka kuongea kuhusu dishi, na kuhusu mimi, kwa sababu siku ile dishi linafungwa nilikuwa nyumbani. Nilikuwa chumbani na earphone masikioni nikihariri video. Mum alikuwa nje peke yake na fundi. Na hapa ndipo ninapowagusa wengi wenu: sisi ndio tunatazama video kumi kabla ya kununua simu. Kiatu cha mtumba Toi tunakigeuza mpaka muuzaji anachoka. Lakini kitu kitakachokaa juu ya paa la wazazi miaka kumi, tunawaachia wazazi na mtu ambaye ana haraka ya kuondoka.

Fundi alikuja na boda, dishi limefungwa nyuma na mpira. "Mathe, hii ni kazi ya dakika ishirini." Na kweli alimaliza haraka sana. Tangazo la duka lilisema kufungiwa ni bure. Kumbe bure ilikuwa na mkia. Kebo imezidi mita walizopanga, ongeza. Chuma cha kushikia dishi ukutani hakimo kwa boksi, ongeza. Nauli ya boda, ongeza. Mum alitoa karibu elfu tatu juu ya bei aliyokuwa amelipa, na zote zikaenda kwa namba ya simu ya fundi, si ya duka. Risiti hakuna. Hilo ni swali la kuuliza mkiwa bado dukani, kabla hata boksi halijafunguliwa: bei hii ina mita ngapi za kebo, chuma kimo, usafiri umo, na nikiwa na shida mwezi ujao nampigia nani? Wakuandikie. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa taarifa anazohitaji, lakini haki hiyo ni ngumu kuidai ukiwa huna hata karatasi moja mkononi.

Hata kabla ya hapo, jiulize kama unahitaji dishi. Tangu Kenya izime analogi mwaka 2015, chaneli nyingi za hapa zinapatikana kwa eriali ya kawaida na dekoda ya kidijitali au TV yenye hicho kifaa ndani. Kama uko Nairobi na nyumbani wanataka tu habari za saa moja na tamthilia, huenda eriali inatosha. Dishi lina maana kama unataka chaneli za kulipia, au uko mahali ambapo eriali haishiki kitu. Sisi tulilitaka kwa sababu ya mpira. Sawa. Twende juu ya paa.

Hii sehemu mimi mwenyewe sikuijua mpaka fundi wa pili alipokuja. Setilaiti za TV zinaelea juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapa chini, na zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, ndiyo maana kwetu ni kama zimesimama mahali pamoja. Dishi linatazama moja tu kati ya hizo. Kila kampuni ina setilaiti yake, kwa hivyo dishi la kampuni moja ukilihamishia dekoda ya nyingine bila kuligeuza hupati kitu, hata kama yanafanana kabisa. Na kwa sababu sisi tunaishi karibu na ikweta, madishi yetu hutazama juu zaidi kuliko yale unayoona kwenye filamu za Ulaya. Mengine hulala chali karibu kama sufuria, na kama sufuria, hujaa vumbi na maji.

Fundi wa pili aliniambia kitu nikakipigia hesabu mwenyewe kwa simu. Dishi likisogea digrii moja tu, kule juu kwenye setilaiti ni zaidi ya kilomita 600. Yaani umekosea kwa safari ndefu kuliko ya Nairobi hadi Mombasa. Sasa fikiria dishi letu. Halikuwa limefungwa ukutani. Fundi wa kwanza alilipigilia kwenye ule ubao mwembamba wa ukingo wa paa, bolti mbili badala ya nne, na chuma chenyewe hakikuwa wima. Siku ya jua kali bila upepo lilishika vizuri. Lakini Kitengela ni tambarare, upepo hauombi ruhusa. Kila ukivuma, ubao unatikisika, dishi linatikisika nao, na wewe unapoteza penalti.

Kwa hivyo cha kwanza ni dishi limeshikwa na nini. Ukuta wa mawe au nguzo ya chuma iliyomwagiwa zege ardhini. Si ubao uliooza, si reli ya balkoni inayocheza. Chuma kiwe wima kabisa, na akimaliza kukaza, mwambie alisukume kwa mkono mbele yako. Likicheza, hajamaliza.

Cha pili ni kioo. Fundi akishapata picha atakuwekea chaneli yenye rangi nzuri na kusema, "Boss, iko sawa." Mwambie arudi kwenye menyu ya dekoda, mahali pa signali. Pale kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Wengi tunaangalia nguvu kwa sababu ndiyo huwa ndefu. Unaotaka kuujua ni ubora. Nguvu inaweza kuwa juu huku dishi halitazami setilaiti inayofaa. Ubora ndio unaokuambia dekoda inasoma kinachotoka kwenye setilaiti yako. Usitosheke na chaneli moja pia. Chaneli hugawanyika kwenye masafa tofauti, na moja inaweza kuwa safi huku nyingine inakatika. Zunguka kama tano hivi, za mpira zikiwemo. Na uwe na subira, kaeni hapo dakika kadhaa uone kama ubora unapanda na kushuka au umetulia. Piga picha ya hizo namba kwa simu. Siku signali ikisumbua utakuwa na cha kulinganisha.

Fundi wa kwanza hakuonyesha mum hiyo menyu. Wa pili alipoifungua, ubora wetu ulikuwa chini ya nusu, hakuna wingu hata moja. Na hapo nikaelewa ile miezi yote ya mvua ndefu. Tulikuwa tunaambiana, "Ni mvua tu, dishi zote hufanya hivyo." Ni nusu ya ukweli. Mawimbi ya hizi TV za dishi yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Mvua kubwa ya radi inaweza kumkatia yeyote dakika chache, hata aliyefungiwa vizuri. Lakini manyunyu? Wingu jeusi tu? Hiyo si mvua, hiyo ni kazi mbovu iliyojificha nyuma ya mvua. Ukianza na ubora wa chini siku ya jua, huna akiba ya siku ya mawingu.

Sasa kebo. Hii ndiyo ilinikasirisha zaidi. Kebo ilikuwa na kiungo katikati, imezungushiwa selotepu nyeusi, imelala juu ya mabati. Jua likaikausha tepu, mvua ikaingia, na fundi wa pili alipoikata, maji yakadondoka kutoka ndani. Ile kebo haibebi picha tu. Inapeleka pia umeme mdogo kutoka kwa dekoda hadi LNB, kile kichwa kilichoko mbele ya dishi. Maji ndani yake ni shida mara mbili. Dai kebo moja nzima kutoka dishi hadi dekoda, bila kiungo. Pale inapoingia nyumbani, iachwe ikining'inia kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondokee nje badala ya kufuata kebo mpaka sebuleni. Konekta ya juu ifunikwe. Na hakikisha hakuna mtu amepitisha kebo dirishani ambako litakuwa linaibana kila mkifunga.

Mabati yetu yalitobolewa matundu mawili, yote kwenye bonde la bati pale maji yanapopita, badala ya mgongoni. Moja halikutumika hata, alikosea akahamia pengine. Hakuziba. Mvua ya Aprili ikashuka moja kwa moja juu ya dari la sebule. Hapo ndipo kupiga picha za paa kabla na baada kunakusaidia: huhitaji kupanda, mpe fundi simu yako akupigie akiwa juu. Fundi anayefanya kazi safi hatakataa. Tena atafurahi.

Kwa wale wa keja za kupanga: ongea na caretaker kwanza. Flati nyingi mpya zina dishi moja la pamoja juu na kebo imeshafika kwenye kila nyumba, kwa hivyo huenda unalipia dishi usilolihitaji. Na kama unaruhusiwa kuweka lako, tazama nyaya za umeme. Kuna mitaa hapa Nairobi unaweza kusimama balkoni ukakaribia kuzigusa. Fundi ameshika chuma kirefu, mikono ina jasho, hajafungwa kamba. Hapo usibembelezwe, mwambie atafute upande mwingine au mwache kabisa. Mvua ikianza, ashuke. Ngazi umshikie wewe, si dada yako wa darasa la sita.

Maana nisiwe mkali bila haki. Fundi wa pili alituambia mafundi wengi hulipwa kwa dishi, si kwa saa. "Bro, nikifunga sita kwa siku ndio napata kitu." Sita kwa siku, na foleni za Mombasa Road katikati! Mimi pia ningepiga bolti mbili. Wengi wao ni rika letu, wamejifunza kwa kumfuata mtu, na duka linalowatuma haliwapi hata kamba ya usalama. Kwa hivyo usimpigie kelele. Mpe chai, simama hapo, uliza. Mtu akiona unatazama na unajua unachotazama, hizo bolti mbili zingine hupatikana mfukoni.

Kuna jambo moja linasahaulika sana. Akaunti. Ya kwetu ilisajiliwa kwa namba ya simu ya fundi kwa sababu mum hakuwa na simu karibu wakati huo. Tulipotaka kubadilisha kifurushi, ujumbe ulikuwa unaenda kwake. Ilituchukua wiki mbili na safari mbili za ofisini kurekebisha. Jina la mwenye nyumba, namba ya mwenye nyumba, na namba ya kadi au ya dekoda uiandike mahali. Na yule atakayekunong'onezea kuwa ana dekoda ya chaneli zote bila kulipa kila mwezi, mpite. Ni wizi, na pia huzimika wiki ya fainali, halafu hakuna wa kumlalamikia.

Fundi wa pili alikaa saa mbili unusu. Alihamisha dishi ukutani, akavuta kebo mpya, akaziba matundu kwa silikoni, akamwonyesha mum menyu ya signali mpaka mum akaweza kuifungua mwenyewe na rimoti. Tulimlipa nusu alipoanza na nusu baada ya kuona namba. Hakulalamika. Tangu siku hiyo kumenyesha mara kadhaa na tumekatikiwa mara moja, dakika kama nne, mvua ikiwa ya mawe.

Doa la dari bado liko, la kahawia, kama ramani. Nilijitolea kulipaka rangi. Mum amekataa, anasema linabaki hapo mpaka fundi wa kwanza arudi alione. Kila Jumamosi anampigia. Bado hapatikani.