Gari la Kale Lataka Breki Kabla ya Rangi

Sisi watu wa pwani twajua kukitunza cha kale. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale twaipaka mafuta, na jahazi likipandishwa ufuoni hutiwa kalafati na deheni kabla halijarudi majini. Ajabu ni kwamba gari la mzee likizimika, twaliacha chini ya mwembe mpaka kuku watage ndani yake, kisha twamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alipime kwa kilo.

Nami nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo. Marehemu baba yangu aliacha Land Rover ya mwaka 1966, ile ndefu, ambayo katika uhai wake ilibeba nazi, wagonjwa, maharusi na hata majeneza. Ndugu zangu walitaka iuzwe tugawane. Tukaithaminisha, nikamlipa kila mrithi fungu lake, wake kwa waume, gari likawa langu. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Mali ya warithi haifai kutengenezwa na mmoja kabla haijagawanywa, maana ugomvi wake huja baadaye, wakati fedha zimekwisha kuzama ndani ya injini.

Magari haya yana tarihi yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Baada ya vita kuu, chuma kilikuwa adimu Uingereza, na kwa sababu hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Hapo ndipo wengi wetu tudanganyikapo. Twauona mlango hauna kutu, twadhani gari zima li salama. Kumbe chesisi ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani kama bomba. Maji na chumvi ya bahari huingia humo, ikaliwa kutoka ndani kuja nje. Tena, pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, huzuka umeme mdogo mfano wa betri, na alumini huliwa ikageuka unga mweupe.

Dawa yake haihitaji elimu ya chuo kikuu. Chukua nyundo ndogo uigonge chesisi yote, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa. Palipooza pakatwe, pachomelewe bamba jipya, kisha ndani yake mtiwe nta au mafuta mazito, kama mbao za jahazi zitiwavyo sifa. Na baina ya alumini na chuma pawekwe rangi nzuri au ukanda wa mpira.

Sasa niruhusuni nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii uani kwangu, sikuanza na nyundo wala breki. Nilianza na rangi. Nilitaka majirani waione ile kijani ya zamani, na kweli waliiona na kuisifu. Siku ya tatu nilimpakia mpwa wangu, kijana wa miaka 12, tukatoka. Katika mteremko mdogo karibu na nyumbani, nilikanyaga breki mguu ukaenda mpaka sakafuni. Niliingiza gia ndogo, nikavuta breki ya mkono, tukasimama kwa kuugonga ukuta. Mpwa wangu alipasuka kipaji cha uso, kwa kuwa gari halikuwa na mshipi hata mmoja. Namshukuru Mungu kwamba kovu lile ni dogo. Lakini kila nimwonapo, naliona.

Sababu ilikuwa hii. Gari langu, kama wenzake wengi wa miaka ile, lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikitoboka, breki zote zimekwenda. Paipu yangu ilikuwa imeliwa na kutu, nami nilikuwa nimeipaka rangi juu yake.

Basi wapo wasemao kwamba gari la kale lisiguswe, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Wapo na wengine wasemao lifumuliwe lote, litiwe injini ya dizeli ya Kijapani na kila kilicho kipya. Mimi sikubaliani na upande wo wote kati ya hizi mbili. Kanuni yangu ni fupi: kinacholinda roho ya mtu kibadilishwe bila ya kusitasita, kinachoweza kurudishwa kama kilivyokuwa chaweza kubadilishwa, lakini kinachohitaji chesisi ikatwe au namba yake ipotee, kiachwe.

Kwa kanuni hiyo nilitia silinda kuu ya breki yenye njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nilitia mishipi iliyofungwa kwenye chuma chenye nguvu, si kwenye bati la alumini. Niliondoa dainamo iliyokuwa ikizifanya taa zififie, nikatia altaneta. Hapo yataka hadhari, kwani magari ya umri ule yalifungwa betri kwa upande wa chanya kwenye bodi, na altaneta ya kawaida yataka upande wa hasi. Usipougeuza umeme wote kwanza, utaiunguza siku hiyo hiyo.

Injini yenyewe, ya petroli, yenye sentimita za ujazo 2,286, niliiacha. Niliitilia vikalio vigumu vya valvu za kutolea moshi, kwa sababu petroli yenye risasi, ambayo zamani ilivikinga vikalio hivyo, iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Gia niliziacha vile vile. Ya kwanza na ya pili zataka ukanyage klachi mara mbili ukitaka kurudi chini, nami sioni ubaya dereva akilazimika kufikiri.

Kwa mwenye kutaka kufanya kazi hii nyumbani nina wasia wa mambo mawili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo au stendi imara, na awepo mtu karibu. La pili, vumbi la breki za zamani usilipulize, kwa kuwa huwa lina asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu si gari langu. Ni yule mzee aliyenifundisha kuisikia sauti ya chesisi. Alianza ufundi akiwa kijana, na sasa mikono yamtetemeka hata hawezi kushika spana. Ujuzi wake haumo katika kitabu cho chote. Twamwita fundi wa majahazi mlinzi wa utamaduni, na twafanya vyema. Huyu mwenye mikono ya grisi twamwita fundi wa gereji tu, akafa nao ujuzi wake. Utamaduni ni kila kazi ambayo mkono mmoja huirithisha mwingine.

Kwa hiyo nasema, aliye na gari la mzee uani asikimbilie mizani ya chuma chakavu, wala asikimbilie kopo la rangi. Amwite fundi mzee, ampe kiti na kahawa, na awakalishe vijana wa nyumba wamsikilize. Mpwa wangu sasa hushika nyundo mwenyewe, na juzi aligundua shimo ambalo mimi sikulisikia.