Kizunguzungu: Usimlaze Mama Kutwa

Huenda kwenu yupo mzazi ambaye dunia humzunguka kila anapogeuza shingo. Akishuka matatu hapa Athi River, hushika mlingoti wa stima kwanza ndipo avuke barabara. Wengi humwambia, "Lala, mama, upumzike." Lakini kulala kutwa huunyima ubongo nafasi ya kuzoea.

Mtu husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na hisia zitokazo shingoni na miguuni. Kimoja kikilegea, ubongo huchanganyikiwa. Hata hivyo, ubongo hufundishika. Miaka ya 1940, madaktari Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwapa wagonjwa wa kizunguzungu mazoezi ya macho, kichwa na kusimama. Siku hizi ziko hospitali ng'ambo zinazowavisha wagonjwa miwani ya kompyuta yenye picha zinazosogea, mtu akajiona yumo barabarani. Miwani hiyo ni ghali. Kidole gumba ni bure.

Muoneni daktari kwanza. Akikubali, mama anyooshe mkono, akazie macho kidole gumba, kisha ageuze kichwa polepole kushoto na kulia bila kuacha kukitazama. Aanze akiwa ameketi; baadaye asimame karibu na ukuta, nawe ukiwa kando yake. Kisunzi kidogo mwanzoni si ajabu.

Ila kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, hilo si la mazoezi. Huenda ni kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.