Ahirisho Lisilo na Mwenyewe

Toleo hili tumelikusudia kwa mas-ala moja tu, nayo ni mrundikano wa kesi za jinai katika mahakama zetu za Unguja na jinsi kesi hizo zinavyokawia. Na tumeichagua si kwa kuwa ni jambo jipya, maana hapana mzee katika Mji Mkongwe asiyejua habari ya mtu aliyekaa rumande hata watu wakasahau kosa aliloshtakiwa, bali kwa kuwa maneno yanayosemwa juu yake kila mwaka, khasa inapofika Siku ya Sheria katika mwezi wa Februari, ni yale yale: mahakimu ni wachache, vyumba ni vidogo, fedha hazitoshi. Maneno hayo yana ukweli wake, wala hatukusudii kuyakanusha. Lakini tunadai ya kwamba ugonjwa wenyewe uko pengine, nako ni katika ahirisho: kwamba kesi ya jinai kwetu huahirishwa kwa wepesi mno, na kila inapoahirishwa hapana anayeulizwa, hapana anayelipa, wala hapana ambaye jina lake huandikwa.

Lau majengo ndiyo yangekuwa dawa, tungalikwisha kupona zamani. Jengo la mahakama la Vuga, lile lenye kuba lililosanifiwa na John Sinclair na kukamilika mwaka 1908, lilipata sifa kwa uzuri wake tangu siku za mabalozi na masultani, na sifa hiyo haikupata hata mara moja kumwharakishia mahabusu siku yake. Sasa Mahakama Kuu imepata jengo kubwa la kisasa huko Tunguu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Ila kesi iliyokuwa ikiahirishwa Vuga kwa sababu shahidi hakufika huahirishwa Tunguu kwa sababu hiyo hiyo, na tofauti iliyopo ni kuwa shahidi wa mjini nauli yake imezidi.

Na tumtazame huyo shahidi, kwani yeye ndiye anayelaumiwa mno na kusikilizwa kidogo. Mama wa Makunduchi aliyeitwa kuja mjini kueleza alichokiona huamka kabla ya alfajiri, akapanda gari ya mapema, akaacha kazi ya mwani au ya shamba, na saa mbili na nusu yuko kwenye benchi la ukumbini, buibui limejaa vumbi, karatasi ya wito kaikunja mkononi. Saa nne hatoki mtu. Saa tano na robo karani anachungulia mlangoni, anaita jina la kesi, kisha anasema kwa upole, kwa kuwa naye hana kosa: “Bi mkubwa, leo haitosikilizwa, njoo tarehe kumi na nne ya mwezi ujao.” Mama anauliza, “Kwani mwanangu, kumezidi nini tena?” na jibu ni kwamba jalada halijarudi, au wakili yuko Mahakama Kuu, au mwendesha mashtaka mwenye kesi yuko safarini Pemba. Mtu aliyerejeshwa hivyo mara tatu, akapoteza ujira wa siku tatu na asilipwe hata nauli, akikosa kuja mara ya nne tutamwita shahidi mkaidi? Wanaume wengine watakuwa wamekwenda dago kuvua na hawana siku maalumu ya kurudi. Wengine, msimu wa karafuu ukiingia, wako Pemba wanachuma. Mahakama inayopanga tarehe bila ya kutazama msimu wa bahari na wa shamba, katika kisiwa ambacho watu wake wanaishi kwa bahari na shamba, imejiandalia yenyewe mashahidi wasiofika.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni desturi ya kumshtaki mtu kwanza na kumpeleleza baadaye. Aghalabu mshtakiwa hufikishwa mbele ya hakimu ilhali ushahidi haujakusanywa, na tangu siku ile kila baada ya wiki mbili hivi hurudishwa kizimbani ili aambiwe neno moja, kwamba upelelezi haujakamilika. Sampuli iko kwa Mkemia Mkuu. Na kwa miaka mingi zile za vinasaba zilibidi kuvushwa bahari kupelekwa Dar es Salaam, zikangoja zamu yao huko. Kadhia iliyo mashuhuri kuliko zote katika mlango huu ni ile ya viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho, Sheikh Farid Hadi Ahmed, Sheikh Mselem Ali Mselem na wenzao, ambao mwaka 2014 walichukuliwa kutoka Zanzibar wakashtakiwa kwa ugaidi katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wakakaa rumande hadi mwezi wa Juni 2021, pale Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta mashtaka. Miaka saba. Hatusemi hapa kwamba walikuwa na hatia wala kwamba hawakuwa nayo, maana hapana mahakama iliyopata fursa ya kulisema hilo kwa hukumu, na hilo ndilo lililo baya: mtu ametumikia muda wa kifungo pasi na kuhukumiwa, na aliyedai kudhulumiwa naye hakuisikia kesi yake.

Wala si Bara tu. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika siku za uchaguzi mdogo wa Mkunazini, walianza kukamatwa watu wa Chama cha Wananchi, wakafikia 18, akiwamo Machano Khamis Ali ambaye jina lake ndilo linalobeba kesi ile katika vitabu vya sheria, wakashtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Kesi ikaenda na kurudi kwa miaka mitatu. Hatimaye mwezi wa Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatamka kuwa uhaini ni kosa linalotendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, nayo ni Jamhuri ya Muungano, na kwamba haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Washtakiwa wakaachiwa huru mwezi huo huo. Msomaji na azingatie: suala lililoamuliwa katika kadhia ile halikuhitaji shahidi hata mmoja, wala sampuli, wala jalada kutoka popote. Lilikuwa suala la sheria tupu, lililokuwapo mezani tangu siku hati ya mashtaka ilipoandikwa, na ambalo majaji wangaliweza kulijibu katika wiki ile ile. Lakini hapana aliyekuwa na haraka ya kuliuliza, na hao waliokuwa na haraka walikuwa ndani.

Hata hivyo hatutaki mtu atufahamu vibaya akadhani kwamba tunasifu haraka kwa kuwa ni haraka. Visiwa hivi vimekwisha kuionja. Katika zile Mahakama za Wananchi zilizodumu hadi mwaka 1985 mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshtakiwa, na mambo yakaenda mbio. Baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, watu 81 walishtakiwa kwa uhaini, 18 kati yao, akiwamo Abdulrahman Babu, wakihukumiwa wakiwa ghaibu kwa kuwa walizuiliwa Bara. Na kesi kubwa namna hiyo, iliyofunguliwa Mei 1973, ikatolewa hukumu Mei 1974, mwaka mmoja tu, na wengi wakahukumiwa kifo. Haikukawia, kweli, na hapana mwanasheria mwenye dhamiri anayeitaja leo kuwa ni mfano wa kuigwa.

Kwa hiyo tunapolisifu lile jambo jema lililofanywa mwaka 2021, la kuanzisha mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji, tunalisifu pamoja na tahadhari. Kesi za watoto na wanawake zilikuwa zikifa mikononi mwetu: familia zinasuluhishana vichochoroni, mtoto anahamishwa skuli na kupelekwa kwa jamaa Pemba, na aliyeanza kueleza akiwa na miaka tisa anatakiwa aeleze tena akiwa mwari. Kituo cha Mkono kwa Mkono cha Hospitali ya Mnazi Mmoja kilikwisha kurahisisha mwanzo wa safari kwa kuwakutanisha daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, na mahakama maalumu ikaja kuufupisha mwisho wake. Lakini yalipokazwa masharti ya dhamana kwa makosa hayo, sharti la haraka nalo lilipaswa kukazwa kwa upande wa serikali kwa kiasi kile kile. Kwani anayemnyima mtu dhamana amejifunga yeye mwenyewe kumaliza upelelezi mapema.

Nini basi kifanyike? India iliamua mwaka 1979, katika kesi ya mahabusu wa Bihar waliokaa ndani zaidi ya kifungo ambacho wangalipewa kama wangetiwa hatiani, kwamba kuhukumiwa upesi ni sehemu ya haki ya mtu ya kuishi huru. Canada ikaenda mbali zaidi mwaka 2016: Mahakama yake ya Juu iliweka mpaka wa miezi 18 kwa mahakama za chini na 30 kwa za juu, na kesi inayouvuka pasi na udhuru husimamishwa. Dawa hiyo ya Canada ni kali, na hatudhani kwamba inatufaa jinsi ilivyo. Mama wa mtoto aliyebakwa hawezi kuambiwa kuwa mtuhumiwa ameachiwa moja kwa moja kwa sababu mpelelezi alizembea. Tunachokipendekeza ni kwamba mpaka ukivukwa, mahabusu apewe dhamana kwa masharti na kesi iendelee. Na kwamba, ila kwa makosa ambayo mtu akiachwa atadhuru wengine, asifikishwe mtu mahakamani kabla upelelezi haujafika pa kusikilizwa.

La zaidi ya hayo ni daftari. Kila ahirisho na liandikwe: limeombwa na nani, kwa sababu gani, limekubaliwa na hakimu yupi, na mwisho wa kila robo mwaka hesabu hiyo itangazwe mbele ya watu, ya mahakama, ya waendesha mashtaka na ya mawakili wa utetezi, ambao, tuseme kweli, nao hawapungui katika kuomba tarehe pale wanapojua kuwa shahidi wa upande wa pili anachoka. Ada ya shahidi aliyerejeshwa ilipwe siku ile ile, na ilipwe na upande uliosababisha. Watu watasema hili ni gumu. Ugumu wake tunaujua, na si wa fedha. Katika mji huu mdogo hakimu, wakili na mwendesha mashtaka wamesoma skuli moja, wanakutana mazikoni na harusini, na kumkatalia mwenzako ahirisho mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Muhali huo ndio unaoendesha kalenda ya mahakama zetu kuliko sheria yoyote iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Daftari litamwondolea hakimu lawama, kwani ataweza kusema kuwa si yeye anayekataa.

Makala zilizomo humu zimeandikwa na watu waliokaa pande zote za meza, na baadhi yao hawakubaliani nasi, khasa katika lile la dhamana. Tumeziacha kama zilivyo. Tunamwomba Jaji Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka waamuru daftari hilo lianze kwa mahakama moja ya mkoa, kwa mwaka mmoja, kisha matokeo yatangazwe. Na wasomaji wetu walio mahakimu, makarani, mawakili, au mashahidi waliorejeshwa, tunawaomba watuandikie. Barua zao tutazichapa katika toleo lijalo bila ya kuzipunguza.