Mzabibu mkongwe upewe umri wake

Mwaka 2024 Ufaransa ilitangaza kulipa euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu itakayong'olewa, kwa kuwa mvinyo umezidi soko. Huko Corbières, kusini mwa nchi hiyo, ni rahisi mwenye mizabibu mikongwe ya Carignan kushawishika, maana shamba lake huzaa kidogo. Lakini zabibu hizo chache zina ladha nzito. Zikichanganywa na za Grenache na Syrah hutoka mvinyo mwekundu ambao ni vigumu kuupata kwa mizabibu michanga. Kasoro iko kwenye lebo. Sheria haisemi mzabibu huitwa mkongwe ukifikisha miaka mingapi, hivyo wa miaka 25 na wa miaka 80 waweza kuandikwa sawasawa, na mnunuzi akalipa bei moja. Serikali ingeweka umri huo kwanza, ndipo ilipe wanaong'oa.