Tukienda Kutazama, Twende na Maswali



Vikundi vingi vya skimu zetu vyataka safari ya kwenda chuo kikuu kutazama jinsi wataalamu wanavyopima nguvu za jua. Nami naunga mkono. Dizeli ni mzigo mzito kwetu tunaovuta maji ya Ewaso Ng'iro au ya visima, na hapa Isiolo jua si kitu cha kutafuta. Lakini nina neno moja juu ya safari hizo.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na kikundi kimoja kwenda kutazama maabara ya namna hiyo. Tulipokewa vizuri, tukaonyeshwa vyombo, tukapigwa picha, tukala, tukarudi. Jumamosi iliyofuata wanachama walikutana chini ya mgunga ili wapewe habari. Mama mmoja ambaye hakwenda akauliza: "Kisima changu kina futi 60. Hiyo pampu mliyoiona itanitolea mitungi mingapi kwa siku?"

Tukatazamana. Tulikuwa watu 22, na hakuna aliyeuliza. Daftari langu mimi karani lilikuwa na majina ya wenyeji wetu na saa ya chakula, basi. Niliona haya, maana nilisomea ualimu, na watoto nilikuwa nikiwaambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Watu husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ni kweli kwa mtu anayekwenda kwa miguu yake. Lakini kikundi kinachosafiri kwa fedha za wanachama hakifai kungojea kuokota.

Chuo Kikuu cha Strathmore huko Nairobi kina kituo cha utafiti wa nishati, na mwaka 2014 kiliweka juu ya mapaa yake sola ya kilowati 600. Mahali kama hapo mwenye swali atapata jibu, na asiye na swali atapata picha. Kwa hiyo kabla ya kwenda, tayarisheni mambo haya manne.

Kwanza, kina. Kupandisha maji mita 20 kwahitaji nguvu mara mbili ya kuyapandisha mita 10. Pampu iliyomtosha jirani aliye kando ya mto huenda isikutoshe wewe wa kisima. Chukua kamba na jiwe upime, tena upime wakati wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka.

Pili, joto. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya bamba la sola hupimwa maabarani, bamba likiwa na joto la digrii 25. Kwetu, saa nane mchana, bamba laweza kufika digrii 60. Kwa kila digrii inayozidi 25, bamba la kawaida hupoteza karibu sehemu 4 katika 1,000 za nguvu zake. Yaani bamba la wati 100 laweza kukupa wati 86 tu. Waambieni wataalamu wawapigie hesabu ya Isiolo, si ya Nairobi penye baridi.

Tatu, maji yenyewe. Mchanga hula pampu. Jazeni chupa moja mto ukiwa na tope, mwende nayo, muulize ni pampu gani itakayoyastahimili.

Nne, fundi. Tangu mwaka 2012 kanuni za Kenya zataka mtu anayefunga sola awe na leseni, na siku hizi leseni hiyo hutolewa na EPRA. Ulizeni namna ya kumtambua fundi wa kweli, ni kipuri gani kinachoharibika kwanza, na mtu wa Garba Tula atakipata wapi.

Kuna swali jingine ambalo hatupendi kuliuliza. Dizeli ilikuwa ghali, lakini ilituzuia; ilipokwisha, pampu ilinyamaza. Jua halidai fedha. Pampu yake yaweza kuvuta tangu asubuhi hadi jioni, hata shamba likiwa limekwisha kushiba. Kila mmoja wetu akifanya hivyo, mkulima aliye chini yetu atakuta mchanga mtupu, na mifugo nayo itakosa pa kunywa. Kila kiangazi twawalaumu walio juu yetu mtoni. Je, sisi tutakuwa bora kuliko wao? Basi ulizeni jinsi ya kufunga kifaa cha kuzima pampu tangi likijaa, na mita ya kupima maji. Na kabla ya kununua, nendeni kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji mpate kibali.

Mwisho, mchagueni vema wa kwenda. Mwenyekiti na mweka hazina waende, lakini wasiende peke yao. Mpelekeni kijana anayeiwasha pampu kila alfajiri. Mpelekeni mama anayefungua mifereji jioni. Hao ndio wajuao mahali penye taabu, na mwenye taabu hasahau kuuliza.

Yule mama wa kisima alipata jibu lake baadaye, kwa barua tuliyowaandikia wenyeji wetu. Kabla hatujaandika, alipima tena kisima chake, akakuta maji yameshuka futi 8. Yeye ndiye aliyestahili kwenda.