Unga, kuvu na kazi ya Dkt Mutegi

MKAZI wa mtaa wa Fedha, jijini Nairobi, anaponunua unga wa mahindi hawezi kutambua kwa macho iwapo una aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo hata moto wa kusongea ugali hauimalizi. Ikifika kwenye ini, sumu hiyo hubadilika, ikashikamana na chembechembe za urithi na kuziharibu. Baada ya miaka yaweza kuzua saratani.

Mwaka wa 2004 iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Maafa hayo ndiyo yaliyomwingiza Dkt Charity Mutegi, mtaalamu wa chakula, katika utafiti uliomletea Tuzo ya Norman Borlaug mwaka wa 2013. Dawa yenyewe, Aflasafe KE01, ni kuvu vilevile! Kuvu isiyotoa sumu hupakwa kwenye punje za mtama, zikatawanywa shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kuchanua, nayo huipokonya nafasi ile yenye sumu.

Tatizo ni kwamba gharama humwangukia mkulima, ilhali mara nyingi gunia lake halimpi bei bora kuliko la jirani asiyejali. Novemba 2019, Shirika la Viwango (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga. Kufikia hapo, walaji walikuwa wamekwisha kuula.