Maisha ya nyumbani mtandaoni: Nani anamlinda mtoto asiyeulizwa?

Mama anamwogesha mtoto, anampaka mafuta, anamvalisha sare na kumfungia chakula cha shule. Mtoto anakataa uji, analia, anajigaragaza sakafuni. Simu imesimamishwa juu ya meza, inarekodi. Kabla gari la shule halijafika, video iko mtandaoni na watu elfu kadhaa wameshacheka.

Video za aina hii zimekuwa jambo la kawaida kwenye simu za watu kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na kuanzia Kampala hadi London. Nyingi hazina nia mbaya. Lakini tangu mwaka 2023 mabunge katika nchi na majimbo kadhaa yamelazimika kulijibu swali moja gumu: mzazi anapoyageuza maisha ya nyumbani kuwa kipindi cha kutazamwa na watu asiowajua, haki za mtoto aliyemo ndani ya kipindi hicho ziko wapi?

Kwa nini wazazi huanika mambo ya ndani

Ni rahisi kuwalaumu wazazi, hasa akina mama. Waswahili husisitiza sitara: mambo ya nyumba hubaki nyumbani, na katika familia nyingi za pwani mzazi na mtoto mchanga hukaa ndani siku 40 kabla ya kutoka. Lakini Waswahili haohao ndio wanaosema mficha uchi hazai: anayeona haya kueleza shida yake hapati msaada.

Na shida zipo. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza akiwa amepanga chumba mjini, mbali na mama yake, shangazi na bibi, hana wa kumgongea mlango saa nane usiku mtoto anapotapika maziwa. Makundi ya wazazi ya WhatsApp na Facebook yamechukua nafasi ya majirani wa zamani. Humo watu huulizana namna ya kumwachisha mtoto ziwa, bei ya nepi, jinsi ya kupika mboga mtoto asizigome, na daktari gani ana subira na watoto. Kwa Waswahili walio Muscat, Toronto au Oslo, makundi hayo pia ni mahali pa kuuliza namna ya kumlea mtoto asiisahau lugha.

Pamoja na msaada, kuna riziki. Ukurasa wenye wafuasi wengi huvutia kampuni za sabuni, mafuta ya watoto na vyombo vya nyumbani, na mitandao yenyewe huwagawia baadhi ya watengenezaji wa video sehemu ya mapato ya matangazo. Kwa mama asiye na ajira rasmi, hilo si jambo dogo.

Tatizo huanza pale anayetazamwa zaidi anapokuwa mtoto. Watazamaji humpenda mtoto, maoni humtaja mtoto, na siku asipoonekana idadi ya watazamaji hushuka. Kuanzia hapo, mzazi ana sababu ya kifedha ya kuendelea kurekodi hata siku ambayo mtoto hataki.

Kisa cha Utah

Tukio lililowashtua wengi lilitokea katika jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 2015 Ruby Franke, mama wa watoto sita, alianzisha chaneli ya YouTube iitwayo 8 Passengers, jina lililohesabu watu wanane wa familia hiyo. Ilionyesha maisha ya kila siku: chakula, kazi za nyumbani, masomo na adhabu. Kwa kilele chake ilikuwa na wafuasi karibu milioni 2.5.

Watazamaji wenyewe ndio walioanza kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2020 mtoto wake wa kiume alisema katika video kwamba alikuwa amenyang'anywa kitanda chake kwa miezi kadhaa kama adhabu, na maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka mamlaka zichunguze. Kurekodi kulikoma baadaye, lakini mateso hayakukoma. Agosti 2023 mtoto mwingine, mwenye umri wa miaka 12, alitoroka kupitia dirishani kutoka nyumba ya mshirika wa kibiashara wa mama yake na kumwomba jirani chakula na maji. Franke na mshirika wake, Jodi Hildebrandt, walikiri makosa ya kuwatesa watoto. Februari 2024 kila mmoja alihukumiwa vifungo vinne vya kati ya mwaka mmoja na miaka 15, vinavyofuatana.

Si haki kumpima kila mzazi anayeweka video mtandaoni kwa kipimo cha kisa hicho. Somo lake liko kwingine. Binti mkubwa wa Franke, Shari, alifika mbele ya wabunge wa Utah mwaka 2024 akiwa mtu mzima, na hakuzungumzia mateso peke yake. Alieleza utoto ambao kila jambo la faragha lilikuwa mali ya kipindi, na akawaambia wabunge kwamba haoni namna yoyote ya haki ya kuyageuza maisha ya watoto kuwa biashara ya video. Machi 2025 Utah ilipitisha sheria inayomtaka mzazi amwekee mtoto sehemu ya mapato, na inayompa mtoto huyo, akishakuwa mtu mzima, haki ya kuomba video zake ziondolewe.

Sheria ya zamani, tatizo jipya

Wazo la kumwekea mtoto fedha zake si geni. Mwaka 1921 mtoto Jackie Coogan aliigiza pamoja na Charlie Chaplin katika filamu The Kid na kuwa mmoja wa watoto mashuhuri zaidi duniani. Alipofikisha miaka 21 aligundua kwamba mamilioni ya dola aliyoyachuma yalikuwa yametumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939, iliyoamuru sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji ihifadhiwe hadi akue.

Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya studio zenye mkataba, mwajiri na saa za kazi. Nyumbani hakuna mkataba. Mzazi ndiye mwajiri, mpiga picha, meneja na mwenye akaunti ya benki.

Illinois lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuziba pengo hilo. Sheria yake, iliyosainiwa Agosti 2023 baada ya msukumo ulioanzishwa na msichana wa shule ya sekondari, ilianza kutumika Julai 1, 2024. Mtoto wa chini ya miaka 16 anayeonekana katika angalau asilimia 30 ya video zinazoingiza fedha katika kipindi cha siku 30 lazima awekewe sehemu yake kwenye akaunti ya amana hadi atimize miaka 18. Mzazi asipofanya hivyo, mtoto anaweza kumshtaki. California iliipanua sheria yake ya zamani mwaka 2024. Minnesota ilikwenda mbali zaidi: tangu Julai 1, 2025 hairuhusu watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi ya kutengeneza video za kibiashara mtandaoni.

Ufaransa: Si suala la fedha tu

Ufaransa ilianza mapema zaidi. Sheria yake ya Oktoba 2020 iliwawekea utaratibu watoto wa chini ya miaka 16 wanaofanya kazi ya video mtandaoni: kibali cha mamlaka, fedha kuhifadhiwa hadi mtoto akue, na haki ya mtoto mwenyewe kuomba video zake zifutwe bila kupitia kwa wazazi.

Sheria ya pili, ya Februari 19, 2024, inamgusa kila mzazi, hata asiyeingiza senti. Inasema wazazi wote wawili wana wajibu wa kuilinda taswira ya mtoto wao, na wanapaswa kumshirikisha katika uamuzi kulingana na umri na ukomavu wake. Mzazi mmoja akipinga, hakimu anaweza kumkataza mwingine kuweka picha mtandaoni bila ridhaa ya mwenzake.

Nchini Uholanzi, ugomvi wa namna hiyo uliwahi kufika mahakamani kati ya mama na bibi. Mei 2020 mahakama ya jimbo la Gelderland ilimwamuru bibi mmoja aondoe kwenye Facebook na Pinterest picha za wajukuu zake ambazo mama yao hakuziridhia, la sivyo alipe euro 50 kwa kila siku ya kuchelewa, hadi kiwango cha juu cha euro 1,000. Sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi haiwagusi watu wanaotumia taarifa kwa shughuli za nyumbani tu. Mahakama iliona kwamba picha iliyowekwa mtandaoni inaweza kuwafikia watu wengine, hivyo haikuweza kusema moja kwa moja kwamba ni jambo la nyumbani tu.

Afrika Mashariki iko wapi?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inasema taarifa za mtoto zisitumiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Sheria hiyo imeonyesha meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza faini ya shilingi 4,550,000 shule moja katika eneo la Uthiru kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tangu hapo shule zilizokuwa zikitumia nyuso za watoto kujitangaza zina sababu ya kufikiri mara mbili.

Uganda nayo ina sheria ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024.

Tukirudi Kenya, sheria inamlinda mtoto dhidi ya shule, hospitali, kampuni au benki kwa kumtaka mzazi atoe ridhaa. Anayetakiwa kuridhia kwa niaba ya mtoto ndiye huyohuyo anayerekodi. Isitoshe, sheria hiyo haihusu matumizi ya taarifa yaliyo ya binafsi au ya nyumbani tu. Je, ukurasa wa familia unaolipwa na kampuni ya mafuta ya watoto bado ni jambo la nyumbani? Akili ya kawaida inasema hapana, kwa sababu mwenye duka hawezi kudai kwamba duka ni sebule yake. Lakini sheria haikuandikwa ikimlenga mzazi, na hapo ndipo mtoto anapobaki bila mtetezi.

Misingi ya kumtetea ipo. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 na Ibara ya 10 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 zote zinampa mtoto haki ya faragha. Mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilieleza wazi kwamba tishio kwa faragha hiyo linaweza pia kutoka kwa familia yenyewe, ikitoa mfano wa wazazi wanaoweka picha mtandaoni.

Hatari zenyewe ni zipi

Picha si zote sawa. Sahani ya pilau iliyopikwa vizuri haimdhuru mtu. Picha ya mtoto akiwa na sare inataja shule yake, na gari la shule likionekana kila siku kwa wakati uleule, asiyejulikana anapata ratiba. Picha ya mtoto anayeoga, ambayo shangazi huiona ya kupendeza, ikitoka mikononi mwa familia huenda kwa watu wa aina nyingine. Februari 2019 YouTube ililazimika kufunga sehemu ya maoni katika video nyingi za watoto baada ya kubainika kwamba baadhi ya watu wazima waliitumia kuwatolea watoto maneno ya kingono. Leo programu za akili mnemba zinaweza kuichukua picha ya kawaida na kutengeneza nyingine chafu.

Kisha kuna fedheha, isiyoonekana katika takwimu. Video ya mtoto wa miaka minne akichapwa kwa kukojoa kitandani humfuata akiwa na miaka 14, wenzake darasani wanapoipata.

Hakuna sheria itakayokaa sebuleni kumsimamia mzazi. Kesi za Marekani na Ulaya zinaonyesha hata hivyo kwamba sheria inaweza kuweka mambo matatu: mtoto apate sehemu ya fedha alizochuma, mzazi mmoja asiamue peke yake, na mtoto akikua awe na njia ya kufuta. Mzazi hana haja ya kungoja bunge ili kuacha kuonyesha uso, sare na machozi, au kumuuliza mtoto anayeweza kujibu.

Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka uliofuata, ambaye picha yake ya kwanza iliwekwa humo kabla hajatoka arobaini, alitimiza miaka 18 mwaka 2025. Akiwa Paris au Utah, sheria inampa mahali pa kuanzia. Akiwa Nairobi, sheria ya data inampa haki ya kuomba taarifa zake zifutwe na shule au kampuni inayozishikilia. Njia ya kumtaka mzazi wake mwenyewe azifute bado haijanyooka.